Kingamwili za kugandisha damu: kabla hujasambaza picha ya majibu yako, pitia uzi huu

Mpima_Damu

Habari za jioni wadau. Nafungua uzi huu kwa sababu picha zimezidi. Mtu ananitumia karatasi ya majibu kwenye WhatsApp, namba moja imezungushiwa biro nyekundu, kisha swali moja tu: "Hii ni APS?" Tarehe haipo. Dawa anazotumia hazijatajwa. Hata kizio cha hiyo namba kimekatwa na kamera. Nafanya kazi kwenye benchi ya kuganda kwa damu katika maabara moja hapa Nairobi, na nawaambia wazi kwamba karatasi hiyo peke yake haina jibu. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, kwa hiyo nikigusia dawa lichukue kama swali la kumpelekea daktari wako.

Kwa asiyejua: APS ni sindromu ya antifosfolipidi. Kinga ya mwili inageuka na kutengeneza kingamwili dhidi ya protini zinazoshikamana na mafuta ya aina ya fosfolipidi, hasa protini iitwayo beta-2 GPI. Damu inaanza kuganda pasipo pake: mshipa wa mguu, mapafu, ubongo (ndiyo unaona kijana wa miaka 30 amepata kiharusi bila presha wala sukari), au kwenye kondo la nyuma na mimba inatoka. Graham Hughes na wenzake wa London ndio waliouweka wazi mwaka 1983, na wengine bado wanauita kwa jina lake.

Vipimo ni vitatu, na vinakwenda pamoja. Viwili vinahesabu kingamwili zenyewe: dhidi ya kadiolipini (fosfolipidi mojawapo) na dhidi ya beta-2 GPI, kila kimoja kwa aina mbili za kingamwili, IgG na IgM. Hivyo vinatoa namba. Cha tatu ni kizuia-mgando cha lupasi, kwenye fomu utaona LA tu, na wengi wanaokutwa nacho hawana lupasi (ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) kabisa. Hicho hakihesabu chochote. Kinaangalia plazima yako, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, inachukua muda gani kuganda.

Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, hata baadhi ya wanafunzi wangu. Ndani ya tyubu kingamwili hizi zinachelewesha damu kuganda, ndani ya mwili zinaigandisha. Sababu ni kwamba kwenye tyubu mgando unategemea fosfolipidi tuliyoitia sisi, kidogo tu, na kingamwili zinaikalia yote. Mashine inabaki kusubiri. Mwilini mambo ni mengine: zinashikana na kuta za mishipa na chembe sahani (zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha), zinaziamsha, na damu inajiandaa kuganda wakati hakuna jeraha.

Kwa hiyo LA tunaipima kwa kuizungukia. Kwanza tunaangalia kama plazima inachelewa, kwa vipimo viwili tofauti vya muda wa kuganda, dRVVT na aPTT, kwa kuwa moja peke yake huwakosa wengine. Ikichelewa tunaichanganya nusu kwa nusu na plazima ya watu wenye afya. Kama ulikuwa umepungukiwa tu na kigandishi fulani (protini ya kugandisha damu), mchanganyiko utarudi kawaida, kwa sababu umepata cha kuazima. Ukiendelea kuchelewa, basi kuna kitu kinazuia. Mwisho tunamwaga fosfolipidi nyingi. Kingamwili zikishiba na muda ukafupika, hapo sasa tunaandika kwamba LA ipo.

Haya yote yanaweza kuharibika kabla damu haijanifikia, na ndiyo sehemu ninayotaka watu waielewe kuliko zote. Ile tyubu ya kifuniko cha buluu ina sitrati ya asilimia 3.2, na inatakiwa sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati. Ukiona kuna mstari kwenye tyubu, damu ifike hapo. Ikijaa nusu, sitrati imezidi, na muda wa kuganda unarefuka bila ugonjwa wowote. Kisha damu izungushwe kwenye sentrifuji, plazima ihamishwe kwa uangalifu bila kugusa tabaka la chini, izungushwe tena mara ya pili, ndipo igandishwe kwenye friza. Kwa nini mara mbili? Chembe sahani zikibaki na zikagandishwa, zinapasuka na kumwaga fosfolipidi yao wenyewe. Hiyo ndiyo dawa ile ile tunayotumia kuishibisha LA. Kwa hiyo mgonjwa mwenye LA anaandikiwa kwamba hana. Nimepokea sampuli zilizoshinda kwenye kisanduku cha bodaboda tangu asubuhi, damu nzima, haijazungushwa hata mara moja. Huwa nazikataa, na huwa natukanwa.

Ulizeni.

Nyota_ya_Kayole

Asante sana kaka. Mimi ni mmoja wa hao wa picha, nisamehe. Nilipoteza mimba ya wiki nane, wakanipima, kadiolipini IgM ikawa 24, zile zingine zote sawa, LA hakuna. Dada yangu anafanya kazi kwenye duka la dawa, akaniambia nianze sindano za Clexane, zile za kuzuia damu kuganda, mapema mimba ijayo. Nimesoma mtandaoni hadi usingizi umekataa.

Mpima_Damu

Pole sana dada kwa mimba. Pole kwa kweli.

Tuiangalie hiyo 24. Vigezo vya APS vya Sydney, vya mwaka 2006, vilitaka kiwango cha juu ya vizio 40, tena kionekane mara mbili, vipimo vikiachana angalau wiki 12. Vile vipya vya mwaka 2023, vya vyama vya rumatolojia vya Marekani na Ulaya, vimebana zaidi: 40 hadi 79 ni cha wastani, 80 na kuendelea ni cha juu, na IgM ikiwa peke yake, hata iwe juu namna gani, inapata pointi moja wakati upande wa maabara unahitaji tatu. Vigezo hivyo vimetungwa kwa ajili ya utafiti, daktari haamui kwa kujumlisha pointi kama mwamuzi wa ndondi, lakini vinakuonyesha uzito wa IgM ya 24. Ni mdogo.

Halafu mimba moja kutoka kabla ya wiki ya kumi ni jambo linalotokea sana, kati ya asilimia 10 na 20 ya mimba zinazojulikana, na mara nyingi chanzo ni kromosomu za mtoto. Je, ulikuwa na homa au ugonjwa wowote kabla ya kupimwa?

Nyota_ya_Kayole

Ndiyo! Nilikuwa nimetoka Bungoma kwenye matanga, nikarudi na malaria, nikatibiwa. Nilipimwa kama wiki mbili baadaye.

Mpima_Damu

Basi hilo lilitakiwa kuandikwa kwenye fomu. Malaria, kaswende, HIV, homa ya ini aina ya C, hata maambukizi ya kawaida, yote yanaweza kuamsha kingamwili za kadiolipini kwa muda, hasa IgM. Nyingi za hizo hazihitaji beta-2 GPI kushikana, na hazigandishi mtu damu. Zinakuja, zinaondoka. Rudia kipimo baada ya wiki 12, maabara ile ile, na hizo sindano zisubiri mazungumzo na daktari wa uzazi. Mwambie dada yako namheshimu ila hapo amekimbia.

Mwanahesabu_Donholm

Samahani bosi, mimi nina maoni tofauti. Naona hii "rudi baada ya wiki 12" ni njia ya maabara kula mara mbili. Kama mashine ni nzuri, kwa nini isiseme ukweli siku ya kwanza? Mtu anatoa maelfu ya shilingi, halafu anaambiwa majibu ni ya muda. Ningekuwa fundi wa magari hivyo ningechapwa.

Mpima_Damu

Swali halali. Mashine imesema ukweli: siku ile kingamwili zilikuwepo. Kisichojulikana ni kama zimekuja kukaa. Hilo hakuna mashine inayoweza kuliona leo, ni kalenda tu. Zamani, vigezo vya Sapporo vya mwaka 1999 viliridhika na wiki sita. Ikaonekana kwamba kingamwili za kupita zinaweza kuwa bado zipo wiki ya sita, watu wakabandikwa ugonjwa wa maisha kwa sababu ya mafua. Sydney ikasogeza hadi 12.

Ukitaka kuokoa pesa ninakupa njia halali. Vipimo vyote vitatu visipoonyesha kitu mara ya kwanza, damu ikiwa imechukuliwa vizuri na hutumii dawa za kuzuia mgando, kwa kawaida hakuna cha kuthibitisha, huna haja ya kurudi kwa sababu ya karatasi hiyo. Na ukikutwa nacho kimoja, muulize daktari kama unaweza kurudia hicho tu. Uliza bei ya kila kipimo kivyake, maana maabara nyingi zinakutajia bei ya furushi zima. Piga simu mbili tatu, bei zinatofautiana sana kutoka Ngara hadi Upper Hill.

Kinachoniuma mimi ni kinyume cha hayo. Mtu anapimwa mara moja, siku mbaya, anapewa warfarini, dawa ya kuzuia mgando, maisha yote na hakuna aliyerudia. Huyo ndiye aliyeliwa.

Kamau_wa_Mbwembwe

Umesema dRVVT. Nimegugo. Hiyo RV ni nyoka?? Mnafuga nyoka huko maabara ama mnaazima pale Snake Park ya makumbusho 😂

Mpima_Damu

😂 Ndiyo, ni sumu ya nyoka aitwaye Russell's viper, wa huko Asia, ukoo mmoja na bafe wetu. Inakuja kama unga mkavu kwenye chupa ndogo, tunaiyeyusha kwa maji safi. Sumu yake inaamsha kigandishi cha kumi moja kwa moja, inaruka hatua zote za mwanzo, kwa hiyo ikichelewa tunajua tatizo liko karibu na mwisho wa safari, pale fosfolipidi inapohitajika. Nyoka hana kazi nyingine hapa.

Mzee_Mdogo_Rongai

Mimi ndiye ule mfano wa kijana wa kiharusi. Miaka 31, sina presha, sivuti sigara, nacheza mpira Jumapili. Nikaamka mkono wa kulia haunisikii na maneno yanatoka kama ya mlevi. Vipimo vyote vitatu vilionekana, na viliporudiwa vikaonekana tena. Sasa niko kwenye warfarini.

Wacha niwaambie wenzangu mambo ambayo hayapo kwenye karatasi. Moja, niliambiwa na mhudumu mmoja niache sukuma wiki. Mimi mtu wa Rongai, niache sukuma nile nini? Daktari wangu akacheka, akasema tatizo si kula, ni kula Jumatatu sahani mbili na kukaa wiki nzima bila. Vitamini K ya mboga inapigana na dawa, kwa hiyo kula kiasi kile kile kila siku, dozi itapangwa kuizunguka hiyo. Managu na terere vivyo hivyo.

Pili, dawa za dukani. Nilinunua Flagyl kwa tumbo la kuhara, bila kuuliza, INR yangu (namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani) ikapanda hadi nikaanza kutoka damu kwenye fizi nikipiga mswaki. Septrin nayo inafanya hivyo. Rafiki yangu wa kliniki alianza dawa za TB, yeye INR ikashuka chini kabisa kwa sababu ya rifampisini. Kwa hiyo popote unaponunua dawa, hata ya maumivu, neno la kwanza liwe "niko kwenye warfarini".

Swali langu kwa Mpima_Damu. Kuna hospitali moja ya binafsi walitaka kunihamishia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia mgando, eti haina haja ya INR kila mara, sitasumbuka na foleni. Nikakataa kwa woga tu. Nilikosea?

Mpima_Damu

Hukukosea hata kidogo, na woga wako una ushahidi. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Italia ulioitwa TRAPS, watu 120, wote vipimo vyao vitatu vikiwa vimeonyesha kingamwili kama wewe. Nusu warfarini, nusu rivaroksabani. Ilibidi usimamishwe kabla ya wakati. Upande wa rivaroksabani watu saba walipata kiharusi au mshtuko wa moyo, upande wa warfarini hakuna hata mmoja. Tangu hapo mamlaka za dawa za Ulaya zimeonya dawa za kundi hilo zisitumike kwa wenye APS, hasa wa vipimo vitatu. Kwa hiyo foleni ya INR ina maana yake.

Jambo lingine kwako: kuna zile mashine ndogo za INR za kutoboa kidole. Kwa mwenye LA zinaweza kusoma juu kuliko ukweli, kwa sababu kingamwili zinaingilia kemikali ya kile kistripu. Unaambiwa uko 3, kumbe uko chini ya 2 na damu inaganda. Kabla hujaitegemea, ilinganishwe na INR ya damu ya mshipani.

Mzee_Mdogo_Rongai

Aisee. Ile ya kidole ndiyo wanayotumia kule kliniki. Kesho naenda kuomba ya mshipani.

Nesi_Mama_Wawili

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba nafasi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito, miaka mingi. Nataka niongee na wanaume walioko humu.

Kipimo cha zamani cha kaswende, VDRL, kinatumia kadiolipini. Ile ile iliyotajwa hapo juu. Kwa hiyo mama mwenye kingamwili hizi anaweza kuonekana ana kaswende wakati hajawahi kuigusa maishani. Nimeona mama akirudi nyumbani na kadi hiyo, akafukuzwa usiku na watoto. Alipopimwa TPHA, hakuna kitu. Mumewe alikuja kuomba radhi baada ya miezi, na mama alikuwa kwao Murang'a, hakurudi.

Mnaposikia VDRL imeonekana, kabla hamjapigana, ulizeni TPHA au kipimo kingine kinachotafuta kingamwili za mdudu mwenyewe. Vile vipimo vya haraka vya HIV na kaswende kwa pamoja havina shida hiyo, kwa sababu havitumii kadiolipini. Na mama akiwa na VDRL ya aina hiyo na amewahi kupoteza mimba kubwa, mpelekeni apimwe hivi vitatu vya Mpima_Damu, ndiyo dalili yenyewe hiyo.

Mpima_Damu

Mama umeleta historia yote ya ugonjwa huu kwenye aya mbili. Wassermann alianza kupima kaswende mwaka 1906, na miaka mingi wapimaji walitumia rojo la moyo wa ng'ombe bila kujua ndani yake kuna nini hasa. Mary Pangborn akaitenga kadiolipini kutoka moyo huo huo mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ndipo ikaanza kuonekana kundi la watu ambao kaswende yao "haiishi" na hawana kaswende. Mwaka 1952 Conley na Hartmann wakaeleza wagonjwa wa lupasi ambao damu yao inachelewa kuganda kwenye tyubu, na kipimo chao cha kaswende kilikuwa cha uongo. Ilichukua miaka mingine thelathini mtu kuunganisha hayo na damu kuganda mwilini na mimba kutoka. Hao akina mama walifukuzwa muda wote huo.

Bint_South_C

Assalaam aleikum. Mimi niko na APS imethibitishwa, nilipoteza mtoto wa wiki 22, sasa niko mjamzito tena, alhamdulillah. Daktari amenipa aspirini ndogo na sindano ya heparini kila siku. Mama mkwe amesikia heparini inatoka kwa nguruwe, nyumba haina amani. Ni kweli?

Mpima_Damu

Waaleikum salaam dada, na hongera. Ni kweli, heparini na Clexane zinatengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Ninachojua kwa upande wa dawa ni kwamba aspirini ndogo pamoja na heparini ndiyo tiba inayotumika zaidi kwa mama wa APS, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo haibadilishwi kiholela. Iko dawa nyingine, fondaparinuksi, inatengenezwa kwa kemia bila mnyama yeyote, ila uzoefu wake kwa wajawazito ni mdogo kuliko wa heparini. Mtajie daktari jina hilo. Usiache sindano wakati mnajadiliana.

Nesi_Mama_Wawili

Na upande wa dini mpelekee shekhe wako mkiwa na mama mkwe, pamoja. Kwenye kliniki yetu nimeona mashekhe wakisema ni dharura na wakamaliza ugomvi kwa dakika kumi. Akisikia kwa shekhe si sawa na akisikia kwako, wewe ni mke wa mwanawe tu 😄 Na kuchoma sindano tumboni usiogope, ubadilishe upande kila siku, usisugue baada ya kuchoma.

Bint_South_C

Amesema atakubali akisikia kwa shekhe wa msikiti wetu. Asante mama. Nimecheka.

Daktari_Mtarajiwa

Niko mwaka wa tano wa udaktari, naomba kuuliza kitu cha vitendo. Mgonjwa amelazwa leo na donge la damu kwenye mguu, ameshaanza heparini. Tupime leo au tusubiri?

Mpima_Damu

Kadiolipini na beta-2 GPI pimeni wakati wowote, dawa hizi haziziathiri. Tatizo ni LA. Heparini inarefusha muda wa kuganda. Kemikali zetu zina kitu cha kuizima lakini hadi kiwango fulani tu. Warfarini nayo inarefusha. Rivaroksabani ndiyo mbaya kuliko zote, inaigiza LA kwenye dRVVT kiasi kwamba mtu unaapa umeiona. Na mgonjwa akiwa kwenye joto la ugonjwa, CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe) iliyopanda inarefusha aPTT, huku kigandishi cha nane kikipanda na kuifupisha. Ujauzito pia hupandisha kigandishi cha nane na kuficha LA. Bora mchukue damu kabla ya dozi ya kwanza ya heparini. Likishindikana, andikeni dawa, dozi na saa aliyopewa mara ya mwisho, na mrudie akiwa ametulia.

Na tafadhali msipime kila mtu. Mzee wa miaka 78 mwenye donge baada ya kuvunjika nyonga, mnatafuta nini? Kingamwili kidogo kidogo utazikuta kwa wazee na hata watu wengi wenye afya, kisha nani atamwondolea lebo hiyo? Kijana, donge lisilo na sababu, kiharusi cha mapema, mimba zilizotoka, mwenye lupasi, aPTT iliyorefuka bila maelezo: hao.

Mwanahesabu_Donholm

Nimesoma yote. Nabaki na lawama moja. Fomu za maabara hazina hata nafasi ya kuandika dawa. Mgonjwa atajuaje?

Mpima_Damu

Hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia, na ni aibu yetu sote. Andika pembeni, hata kwenye nafasi ya anwani. Dawa zote, dozi ya mwisho saa ngapi, mimba ya wiki ngapi, homa au malaria ya miezi mitatu iliyopita, na kama ni kipimo cha kwanza au cha kurudia. Kama ni cha kurudia, namba ya kwanza ilikuwa ngapi na ilipimwa wapi. Mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ile ile, 60 ya maabara moja inaweza kuwa 35 au 150 ya nyingine. Ukibadilisha maabara katikati, hujui kama ugonjwa umepungua au umebadilisha mashine.

Na kwa yeyote anayesoma hapa akiwa na mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinachoma akivuta pumzi, au uso umeenda upande: funga simu, nenda dharura sasa hivi. Vipimo vyangu vitakusubiri.

Nyota_ya_Kayole

Nimeshaweka tarehe kwenye simu, wiki 12 kamili, maabara ile ile. Swali la mwisho kaka, niende bila kula?

Mpima_Damu

Kufunga si lazima, chai na mkate ni sawa. Usije tu moja kwa moja kutoka kibandani na chips mayai. Plazima inakuwa nyeupe kama maziwa, mashine zinazosoma kwa mwanga hazioni chochote, na tutakuita urudi tena. Mwanahesabu atasema tunataka kukula mara tatu.

Mwanahesabu_Donholm

Nilikuwa tayari nimeanza kuandika.